Mkoba Uliorudi Bila Mwenyewe

Meza ya Safari, Makao Makuu
Jumatatu, 3 Juni

Mdogo wangu Injini,

Nianze na kazi, maana nikianza na salamu utasoma mistari miwili ulale. Bosi ameamua kwamba kuanzia mwezi huu mafundi wote walio safarini watalala wawili wawili. Basi nimekaa hapa mezani nikipanga nani alale na nani kama mshenga. Anayevuta sigara simpi mwenye pumu. Anayesoma magazeti na taa simpi anayeamka alfajiri. Kila mtu nikampatia wake, nikafika kwako nikakwama.

Mafundi watatu wamekuja kwangu, kila mmoja kwa wakati wake, kuniambia afadhali walale ndani ya gari la vipuri kuliko kulala na wewe. Fundi umeme ameapa kwamba ukikoroma glasi ya maji inatembea mezani. Mimi dada yako nimeona aibu, lakini sikukutetea, maana tumelala nyumba moja na ninajua.

Mungu si mchoyo, ameniletea mtu. Kuna kijana mpya kutoka tawi letu la mpakani, fundi wa mizani kama wewe. Wanamwita Kimya, kwa sababu hasemi. Nilipowauliza wote kwa barua ni kitu gani hawawezi kukivumilia chumbani, yeye alijibu: "Mimi sina shida. Marehemu baba yangu alikuwa akikoroma hadi bati linalia, nami nilikuwa nalala vizuri kuliko sasa." Nikacheka peke yangu ofisini. Atakukuta hapo kwenye nyumba ya wageni Alhamisi, na mtafanya wote kazi ya mizani ya maghala.

Jambo la pili sina mzaha nalo. Dereva ameniambia ulitaka kumpa mkoba wako autangulize nyumbani ili wewe urudi mikono mitupu. Usithubutu! Unajua desturi ya kampuni hii tangu enzi za baba: gari likishusha mkoba mlangoni bila mwenyewe, watu hawasubiri kuambiwa, wanaanza kulia. Mama ana presha. Mkoba na mwenyewe, daima.

Nyumbani wazima. Macho ya baba yanazidi kuwa na ukungu, daktari amesema atayafanyia upasuaji mwaka huu. Mdomo hauna ukungu hata kidogo. Jana alimsimulia tena mgeni habari ya mkoba wake ulioibwa kituoni alipokuwa akinunua chai. Sasa mwizi amekuwa na kovu shavuni. Mwaka jana hakuwa nalo. Mama alikuwa anashona, hakuinua hata uso.

Niandikie kupitia gari la vipuri. Simu ya hapo iko mapokezi, na anayeipokea hutangazia mji mzima.

Dada yako,
wa Meza ya Safari


Nyumba ya Wageni
Jumapili, 9 Juni

Dada,

Kwanza, umenipa mtu anayekoroma kuliko mimi! Mchana haongei, utadhani analipia maneno. Akilala, jamani! Mimi, Injini, nimekaa kitandani nimeshika masikio. Asubuhi akaniuliza kwa adabu kabisa, "Kaka, umelala salama? Nilikusikia ukihangaika." Mhudumu anasema mgeni wa chumba cha jirani amehama, eti tunaitikiana kama majenereta mawili.

Sasa keti chini. Umeketi? Nimeuona mkoba wa baba.

Sisemi unaofanana nao. Ni wenyewe, wa kijivu, wenye nembo ya zamani ya kampuni. Kijana aliutoa chini ya kitanda atafute soksi, nikaona kifungo cha kijani kwenye zipu. Kifungo cha gauni lako la shule, Dada! Si unakumbuka ulivyolia siku mama alipokikata akakishona pale kishikio kilipokatika? Na uzi wa bluu, na ule mshono wa mama wa kwenda na kurudi mara tatu. Nilibaki mswaki mkononi.

Nikajikaza, nikamuuliza ameupata wapi. Akasema, "Ni wa marehemu baba. Alifia safarini nikiwa darasa la pili." Gari la kampuni lilikuja, likashusha mkoba mlangoni, dereva akaondoka bila kugeuka nyuma. Hawakuambiwa alikufa wapi wala kazikwa wapi. Mama yake alivaa nguo za msiba mwaka mzima bila kaburi la kwenda kuinama.

Nimewaza sana, na nadhani nimelipata. Yule mwizi wa kituoni alikuwa na mke na mtoto! Aliiba mkoba wa baba, akapanda gari, akapata ajali, na dereva wetu alipoona nembo ya kampuni akaupeleka kwao. Baba alikuwa anatuchekesha miaka yote hii, kumbe mwenzake alikufa na mkoba begani. Nimeshindwa kumwambia kijana kwamba baba yake alikuwa mwizi. Utaanzaje?

Ila ana ombi, na nimemuahidi. Aliomba kazi kwetu kwa ajili ya ile nembo tu, ili alitafute kaburi. Kila mji anaoshuka, kabla hajatafuta chakula, anakwenda makaburini kusoma majina. Muulize baba, kwa upole, ni kituo gani alikoibiwa. Tukikijua, tutajua ni njia ipi, na huenda tukampata marehemu wake.

Mdogo wako,
Injini


Nyumbani
Jumapili, 16 Juni

Mdogo wangu,

Nimeuliza. Natamani ningeuma ulimi.

Tulikuwa mezani, baba, mama na mimi. Nikasema kwa furaha, kama mtu aliyeleta zawadi, "Baba, mkoba wako umepatikana! Uko kwa fundi mmoja wa tawi la mpakani, aliachiwa na marehemu baba yake." Nikangoja acheke. Kijiko kilimtoka mkononi. Akasema, "Marehemu?" Kisha akapapasa meza akitafuta kijiko kilichokuwa mbele yake. Nikamuuliza ni kituo gani. Aliniuliza yeye, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Huyo kijana ana umri gani?"

Mama aliinuka akaenda kwenye cherehani. Nilisikia akikanyaga pedali kwa nguvu. Nikachungulia. Hapakuwa na kitambaa.

Nimefungua jalada la kijana ofisini, nikakuta ameandikishwa kwa jina la babu yake mzaa mama aliyemlea. Sikupata kitu. Labda hakuna kitu. Labda mimi ni mtu wa kuona vivuli.

Muulize mambo madogo madogo, usimshtue. Watu walimwitaje baba yake? Alikuwa anafanya kazi gani hasa? Alikuwa akifanya nini akirudi nyumbani?

Jibu upesi, na barua hii ichome.

Dada yako


Nyumba ya Wageni
Jumatano, 19 Juni

Dada,

Nilimuuliza tukiwa kazini, tunapakia mawe ya kupimia. Alikuwa anaitwa Bwana Mizani. Alikuwa fundi. Alikuwa akija kila mwezi, akikaa siku chache, akirudi barabarani.

Nikamuuliza alikuwa akifanya nini akifika. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue kijana huyu alitabasamu hadi meno yakaonekana. Akasema baba yake, kabla hajavua viatu, alikuwa anamning'iniza kwenye mizani ya kazi, anasoma, halafu anapaza sauti mtaa mzima usikie: "Gunia langu limeongezeka!"

Dada. Gunia langu. Ndivyo baba alivyotuita sisi mizanini.

Niliachia jiwe, likaniangukia mguuni, na sikusikia maumivu mpaka jioni. Yeye ndiye aliyenivua kiatu akanifunga kitambaa. Ananiambia pole kaka, pole kaka, na mimi namtazama masikio yake. Masikio ya baba! Tumelala chumba kimoja, amenikoromea kwa koromo la baba, na sikujua. Nami nilimwita mzazi wake mwizi.

Nimekasirika mpaka nimekosa hamu ya kula, na unajua mimi. Baba amempima nani mwingine? Kuna wangapi barabarani? Na ana ubavu gani wa kumzulia mwizi kovu wakati mtoto wake anasoma majina makaburini? Ametuma mkoba wake mwenyewe ili azikwe akiwa hai! Nikirudi sitamwamkia. Namwambia usoni.

Kijana hajui. Ananisubiri nimpe jibu la kaburi. Nitamwambia nini?

Injini


Nyumbani
Jumapili, 23 Juni

Mwanangu,

Dada yako hanisemeshi. Anakula chakula changu huku ananitazama kama askari wa upelelezi. Barua yako hakuichoma, aliiacha mezani makusudi niione. Basi nakuandikia wewe.

Ndiyo, ni mtoto wa baba yenu. Nilijua tangu kijana huyo hajaanza kutembea. Mwanamke anayemfulia nguo msafiri hahitaji kuambiwa.

Ila baba yenu hakutuma mkoba. Mkoba niliutuma mimi.

Kampuni ilipomtoa barabarani ikamweka stoo, safari za kule zilikwisha, naye akanyamaza. Hakuaga. Hakutuma neno wala shilingi. Siku moja dereva mzee, Mungu amrehemu, akabisha hodi hapa. Akasema, "Shemeji, nisamehe. Kule kuna mama kila nikipita ananisimamisha njiani, amemshika mtoto mkono. Anauliza mwenzake yu hai au amekufa. Anataka jibu moja tu apate kulala." Baba yenu alikuwa ndani. Aliposikia sauti ya dereva alijifungia bafuni, akaninong'oneza kwenye ufa wa mlango: "Mwambie niko safarini."

Maneno hayo nilikuwa nimeyasema miaka mingi. Kwa mwenye nyumba, kwa walimu wenu, kwa bibi yenu alipokuwa anakata roho akimwita. Siku ile yaligoma kutoka. Niliingia chumbani nikauchukua mkoba, nikatia shati lake moja nililokuwa nimetoka kulipiga pasi, nikampa dereva. Dereva alijua mwenyewe yu hai, asubuhi walikunywa chai pamoja stoo. Akaniuliza, "Shemeji, una hakika?" Nikamwambia peleka.

Sikusema amekufa. Sikusema yu hai. Yule mama alitaka jibu, nikampa jibu linalozikika.

Baba yenu alipoutafuta mkoba nikamwambia hukurudi nao, uliusahau kituoni. Akaamini. Mwizi na kovu lake amewaongeza mwenyewe.

Mtaniona mbaya. Nioneni. Lakini la kaburi sikulijua. Sikujua kwamba mtoto angekua akilitafuta. Tangu nisome hilo, cherehani imenishinda.

Usimtukane baba yako. Na mguu uukande kwa maji ya chumvi.

Mama yako


Nyumba ya Wageni
Ijumaa, 28 Juni

Dada,

Barua hii inakuja kwa gari la leo. Nimemsihi dereva akufikie wewe kwanza, kabla ya kupita kokote. Soma haraka.

Nimemwambia. Nilishindwa kuendelea kumtazama akinipakulia chakula. Nilimwambia yote, la bafuni, la mama, la shati. Alikuwa anafungua skrubu za mizani ya ghala. Hakuacha. Alifungua zote, akazipanga kwenye kitambaa, ndipo akauliza, "Ana afya?" Nikamwambia ana shida ya macho tu. "Anakula?" Nikasema anakula. Akauliza, "Na hilo la gunia, nanyi pia alikuwa anawaambia?" Nikasema ndiyo. Hilo ndilo lililomuumiza, Dada. La kifo alilivumilia, la gunia likamvunja. Aliketi kwenye mizani, mshale ukapanda, akalia mpaka vibarua wakatoka nje kutuachia nafasi.

Kisha akawa Kimya kweli kweli. Juzi aliufua mkoba kwa sabuni, akauanika. Jana alilinyoosha shati. Nikadhani anajiliwaza.

Leo nimetoka kuoga nimekuta uko kwenye gari, umefungwa vizuri, dereva ameelekezwa nyumbani kwetu. Nimemshika Kimya mkono, nimemwambia unajua maana ya hicho unachofanya? Akanijibu, "Kaka, maana yake naijua tangu darasa la pili."

Sikuweza kuushusha. Sikuwa na haki. Mkimbilie mama, umwambie mimi mzima!

Injini


Nyumbani
Jumapili, 30 Juni

Injini,

Dereva alipita nyumbani kwanza. Alisema ndiyo njia ya karibu. Barua yako nimeisoma baada ya yote.

Ilikuwa jana, niko uani nafua. Nikasikia gari, kisha kimya, kisha ukelele wa jirani yetu muuza mkaa. Nikatoka na povu mikononi. Dereva amesimama mlangoni, mkoba miguuni pake, peke yake. Mdogo wangu, nikakaa chini kwenye vumbi. Desturi hii mimi ndiye ninayeisimamia, ninaijua kuliko mtu yeyote, na ilinipiga kama ilivyowapiga wao. Nilikuona umelala barabarani. Nilikuona kabisa. Majirani wanakuja mbio, wanawake wamejishika vichwa, wanakulilia kwa jina lako la utotoni.

Halafu nikaona kifungo cha kijani.

Nikapiga kelele kwamba si wewe, hakuna aliyenisikia kwa vilio. Mama ndiye aliyepita katikati ya watu. Aliutazama mkoba muda mrefu, akauinua, akauingiza sebuleni, akauweka juu ya mapaja ya baba. Baba alikuwa amesimama nusu, amekaa nusu, anageuza uso huku na huku kwa kuwa haoni, anasikia vilio tu. Mikono ikashuka kwenye mkoba. Ikatembea juu ya mshono, ikafika kwenye zipu, ikakishika kile kifungo. Ikafungua. Akalitoa shati, akalinusa kama mtoto.

Nje watu bado wanalia. Baba akauliza, "Nani? Mama watoto, nani amekufa?"

Mama akamjibu, "Wewe."

Hakumpigia kelele. Alimwambia kama anavyomwambia chai iko tayari. Kisha akatoka kuwaambia majirani kwamba Injini ni mzima, na kwamba wasiondoke, wanywe chai, msiba upo.

Baba hajainuka kwenye kiti tangu jana. Hataki kuuachia mkoba. Leo asubuhi aliniita. Nilidhani ataniomba nimsamehe, akasema, "Wewe ndiye unayepanga safari za watu. Nipangie yangu." Nilikasirika. Nikamwambia mimi simpangii mtu safari kabla sijauliza huko aendako kama kuna kitanda. Akasema, "Basi uliza, mama. Nitangoja."

Sijui nimeuliza kwa ajili yake au kwa ajili ya kijana. Mpe Kimya barua niliyoiambatanisha. Kama hataki kujibu, usimlazimishe. Na mwambie nikitazama orodha ya vyumba nimeona haya: kama anataka alale na mtu mwingine, nitambadilishia leo leo.

Dada yako


Nyumba ya Wageni
Ijumaa, 5 Julai

Kwa Meza ya Safari,

Barua yako nimeipata. Mimi si mwandishi, utanisamehe.

Umeuliza kama kuna kitanda. Hilo si langu kulijibu. Mama yangu yuko hai, anaishi nyumba ile ile, mlango ule ule. Hajaolewa tena. Alisema hawezi kuolewa na mtu mwingine wakati hajui wa kwanza amelala wapi. Nilimpigia simu nikamweleza. Nilidhani ataanguka. Akasema hataki pole, hataki mtu amtangulie kumwombea msamaha, na mama yenu asijisumbue, yeye hana kinyongo naye. Anataka kitu kimoja.

Naomba umpangie mzee safari hivi. Asiende na gari la kampuni, mama akiliona gari lile mapigo ya moyo yanampotea. Apande basi. Mtu wa kumwongoza amfikishe kwenye kona tu, amwache hapo. Kutoka kwenye kona hadi mlangoni atembee mwenyewe, hata kama anapapasa ukuta. Na mkoba aubebe mwenyewe, mkononi, ili mama auone ukija pamoja na mwenyewe.

Mimi sitakuwepo. Labda safari nyingine.

Kuhusu chumba, usinihamishe. Kaka amezoea koromo langu, na mimi nimezoea lake, tangu nikiwa mdogo.

Ni mimi,
mdogo wenu